Chikichi Zilizodondoka

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula sombe tupu. Ziwa lilifungwa ili samaki wapumzike na kuzaliana, mitumbwi ikavutwa nchi kavu, na Ujiji nzima ikageukia majani ya muhogo. Sombe asubuhi na kiporo cha ugali, sombe mchana, sombe jioni. Mwenye karanga alitia karanga, mwenye maharage alichanganya maharage, ila dagaa wa kuweka juu hakuna. Samaki mgebuka ulikuwa unamsikia anatajwa tu, kama ndugu aliyehamia Dar es Salaam. Wengine wanakumbuka miaka kwa rais aliyekuwepo. Mimi nakumbuka kwa sufuria.

Nimesoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikaolewa. Herufi zangu ni kubwa kama za kuandika ubavuni mwa boti. Ninaandika kwa sababu habari hii imeshaandikwa mahali pengine, kwenye daftari ambalo wenyewe wanasema halifutiki, na kule imeandikwa nusu.

Nina michikichi sitini na miwili nyuma ya Ujiji, upande wa kushukia bonde la Luiche. Aliipanda mama mkwe wangu, mimi nikaikuta imeanza kuzaa. Kwa mawese yake nimezika mume, nimeoza mabinti wawili, na nimemsomesha mjukuu wangu tangu chekechea mpaka chuo kikuu. Huyo mjukuu nitamsema sana, mnivumilie. Mama yake aliniachia akiwa na miezi tisa, nikamlea kama wa tumboni. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa lile joho jeusi na kofia bapa. Picha yake sikuitundika sebuleni. Niliitundika mlangoni kwa nje, chini ya bati, ili mtu anayepita kwenda kuchota maji asije akasema hakuiona.

Sasa nieleze kuhusu chikichi, maana bila hapo hamtanielewa.

Mkataji anapanda na kamba yake kiunoni, anakata mkungu, mkungu unaanguka kwa kishindo. Ukigonga chini, chikichi nyingine zinachomoka na kutawanyika kwenye majani. Mkungu ni wa mwenye shamba. Zilizotawanyika ni za asiye na shamba. Ndivyo ilivyokuwa kwetu tangu sijazaliwa, na hakuna aliyeiandika popote. Wiki ya kwanza ya ndoa yangu mama mkwe alinikuta nimeinama naziokota, nikidhani ataniona mchapakazi. Akaniuliza, "Wewe mwanamke, mume wako amekufa?" Nikajinyoosha. Tangu siku ile sijainama chini ya mchikichi wangu mwenyewe.

Aliyekuwa anainama pale alikuwa mwanamke mmoja kutoka Burundi. Aliingia nchini wakati wa vita vyao akiwa na binti mgongoni na sufuria kichwani, akakaa kambini miaka, mwishowe akaja kupanga chumba cha uani mtaani kwetu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuanika dagaa ufukweni Katonga. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, basi siku hizo alikuwa anakuja kuokota. Asubuhi anasimama nje ya ua na ndoo yake. "Mwakeye, dada." Haingii mpaka uitikie. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu. Krismasi nilikuwa nakula kwake, Idi anakula kwangu, na siku zilizobaki tunateta watu. Mjukuu wangu alibebwa kwa mgongo ule ule uliombeba binti yake. Alikuwa anamwita bibi mdogo.

Alikuwa mwepesi wa mkono, sijaona mfano. Anaokota huku anakusimulia jambo, hatazami chini, na nyuma yake hakibaki kitu. Nilikuwa namwambia, "Mdogo wangu, ungekuwa kuku ungenenepa." Ananijibu, "Ningekuwa kuku ungeshanichinja Idi iliyopita." Zile chikichi tulikuwa tunachemsha pamoja, pipa moja, tunakamua pamoja, naye anachukua dumu lake anakwenda kuuza sokoni. Hakuna aliyeuliza mafuta haya yametoka mti gani.

Mjukuu wangu alipomaliza chuo alikaa nyumbani mwaka mzima anatuma maombi ya kazi. Kisha akapata. Kampuni moja inanunua mawese na kuyapeleka nje kwa watengenezaji wa sabuni na biskuti, na hao wa nje walikuwa wamechoka kulaumiwa kwamba mafuta yao yanamaliza misitu. Wakataka kila tone lijulikane limetoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikufyekwa kwenye msitu. Kazi ya mjukuu wangu ilikuwa kutuandikisha. Nilizunguka mtaa mzima kutangaza. Nyumba nyingine niliingia mara mbili.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye banda la kikundi chetu cha akina mama wakamuaji. Akasimama mbele na simu kubwa mkononi.

"Shikamooni mama zangu, shikamooni bibi zangu."

"Marahaba, mwalimu," fundi wa mashine ya kukamua akamjibu kwa kumtania.

"Kitu hiki kinaitwa blokicheni. Msiogope jina, ni daftari tu. Ila siyo daftari la mtu mmoja. Nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, nchi nyingi. Kilichoandikwa leo kinashikana na kilichoandikwa jana kama pete za mkufu. Hakuna anayeweza kurudi nyuma akafuta. Si mimi, si mkubwa wangu, si mnunuzi."

"Na ukikosea?" Huyo alikuwa mwenyekiti wetu, mtu wa kuuliza vitu vya maana.

"Unaandika maelezo mbele yake. Lakini lile kosa linabaki linaonekana."

"Mbona chombo hiki kimechelewa," fundi akasema. "Mume wangu nisingemwoa bila kumwandikisha humo."

"Wewe ndiye uliyemwoa?" mwingine akadakia.

"Kwani mahari nani alimkopesha?"

Banda lilicheka mpaka kuku wakakimbia. Mjukuu wangu alicheka nasi, kisha akatuliza watu kwa mkono kama mwanasiasa. Akasema jambo ambalo sijalisahau. Akatuuliza vilima vya nyuma vilikuwaje tulipokuwa wasichana, na vijito tulivyokuwa tunachota maji viko wapi. Hakuna aliyejibu kwa utani. Akasema, "Bibi zangu, mimi sitaki biskuti za watu. Nataka anayekata msitu aonekane, na nyie msiokata mlipwe vizuri kwa kuwa hamkukata." Nilimtazama nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Kwa hiyo mtu asidhani nililichukia lile daftari. Nililipenda kuliko wote.

Akatupima mashamba kwa kuyazunguka kwa miguu, simu mkononi. Akahesabu michikichi yangu mmoja mmoja, nami nyuma yake namwonyesha upi mvivu na upi hodari. Kila mmoja akapewa kadi yenye mraba wa vidoa vyeusi kama uso wa mtoto mwenye surua. Siku ya kupima unafika bandani, mzigo unakaa kwenye mizani, kadi yako inapigwa picha, unaweka dole gumba kwenye kioo. Umeingia. Mzigo wako unajulikana mpaka ng'ambo ya bahari.

Siku ya kwanza ya kupima, mdogo wangu naye alikuja na gunia lake. Akapanga foleni kama watu. Ilipofika zamu yake mjukuu wangu akainamisha kichwa.

"Bibi mdogo, shamba lako ni lipi?"

"Mwanangu, nitakuwa na shamba wapi? Hizi za kuokota."

"Mfumo unataka shamba. Bila shamba hauna mahali pa kukuweka."

"Niweke hapo mlangoni, nitakaa," mdogo wangu akasema. Watu wakacheka kidogo. Yeye alikuwa ameshaanza kulivuta gunia lake kurudi nyuma, na gunia lile lilikuwa zito, na sokoni wachuuzi wa madumu walikuwa wameanza kusema hawanunui mafuta yasiyo na kadi.

Nikasema, "Lete hapa." Nikalisukuma gunia lake mpaka kwenye langu. Nikaweka dole gumba.

Sikufikiri hata kidogo. Mtu amekuja na tonge lake, nawe una sahani, unasogea. Ndivyo nilivyoona. Mjukuu wangu alinitazama, akamtazama bibi yake mdogo, kisha akabonyeza simu yake. Hakusema kitu. Hilo mlikumbuke, kwa sababu mimi nalikumbuka: hakusema kitu, akabonyeza.

Basi ikawa hivyo kila wiki ya kupima. Gunia langu na gunia lake, kidole kimoja. Nikipokea changu namkatia chake palepale uani, hatukuwahi kugombana.

Kisha ziwa likafungwa.

Katonga ikanyamaza. Zile chanja za kuanikia dagaa zikabaki miti mitupu, mbuzi wakalala chini yake. Mdogo wangu na binti yake, ambaye sasa ana watoto wake watatu, wakapoteza kazi siku ile ile. Wakageukia michikichi. Siyo yangu tu. Walikwenda kila shamba lililokatwa, mpaka bondeni, mpaka kule juu ambako mtu mzima anapumua kwa mdomo. Wanatoka alfajiri, wanarudi jua kali na magunia kichwani. Na wenye mashamba waliwaacha, maana wote tulikuwa tukijua za chini ni za nani. Gunia moja likawa mawili, mawili yakawa manne. Yote chini ya dole gumba langu.

Hapa ndipo penye aibu yangu, wacha niiseme kabla sijaogopa. Jina langu lilianza kupanda kwenye ile simu. Mwezi wa pili wa ziwa kufungwa walikuja wageni wa kampuni, wakaitisha mkutano, wakasema kuna bibi mmoja hapa shamba lake dogo linashinda mashamba yote. Wakaniita mbele. Wakanivika kitenge kipya begani, wakanipiga picha. Mgeni mmoja akaniuliza kwa heshima, "Mama, siri yako ni nini?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa mkeka wa nyuma, vidole vyeusi kwa utomvu. Ilikuwa nafasi ya kunyoosha mkono nikasema, siri yangu ni yule pale. Sikusema. Nilitazama picha inapigwa, nikamtazama mjukuu wangu anavyong'aa, nikasema, "Ninaweka samadi ya mbuzi. Na ninapalilia kwa wakati."

Wakaliandika. Mbuzi wenyewe sina.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia, "Mdogo wangu, usinichukie." Akasema, "Nikuchukie kwa mavi ya mbuzi?" Akacheka njia nzima, anasimama, anashika kiuno, anaanza upya. Sikucheka naye vizuri. Kitenge nilimpa yeye, akanirudishia, akasema rangi ile inafaa mtu mweusi kama mimi.

Wiki mbili baadaye mwiba wa mchikichi ulimchoma kiganjani, chini ya dole gumba. Si jambo geni, miiba hiyo inatuchoma wote. Akaweka mawese ya moto kama tunavyofanya. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, anashika ndoo kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Dada, huu mkono unapiga kama ngoma. Niende hospitali?"

Kupima kulikuwa kesho kutwa. Wageni walikuwa wamesema anayeongoza mpaka mwisho wa msimu ataalikwa Dar es Salaam kuzungumza na wakulima wengine, na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu.

Nikamwambia, "Malizia gunia kwanza, kesho kutwa tunapima, halafu nitakupeleka mwenyewe."

Akamalizia gunia.

Siku ya kupima hakuja. Nilimkuta chumbani amelala, mkono umevimba mpaka kwapani, macho yamekuwa ya njano, anamwita mama yake kwa Kirundi. Tulimpakia kwenye bajaji, mimi nimemkumbatia, binti yake anakimbia nyuma mpaka akapata pikipiki. Hospitali walimpokea vizuri, wakamtundikia maji na dawa, daktari akaniuliza kwa nini tumemchelewesha. Nilisema sijui. Siku ya nne alfajiri akafariki.

Tulimzika upande wa makaburi ya Wakristo. Wanawake wa kikundi chote walikuja, na wenzetu wa msikitini wakaja. Kanisani kwake waliimba. Chakula cha msiba tulipika sisi, sombe na ugali, maana ziwa lilikuwa bado halijafunguliwa, na mtu aliyeanika dagaa maisha yake yote akazikwa bila dagaa kwenye sahani ya msiba wake. Binti yake alikuwa ananishika mkono, ananiita mama mkubwa, ananishukuru kwa kumsaidia mama yake. Kila aliponishukuru nilitamani anitemee mate.

Haukupita mwezi, mjukuu wangu akaja nyumbani mchana. Mimi na yeye tuna utani wetu, namwita mke mwenza kwa vile babu yake alikuwa anamwita mchumba.

"Karibu mke mwenza. Leo umekumbuka kuja kunyang'anya nini?"

"Shikamoo bibi."

Kwa sauti ile nikajua. Nikamwitikia marahaba, nikamvutia kigoda.

Alikuwa ameleta mkate na hakuuweka chini, ameukumbatia tu. Akasema kule nje kompyuta imepiga hesabu. Michikichi sitini na miwili haiwezi kutoa mzigo ule, hata ingekuwa peponi. Jina langu limewekwa alama nyekundu, na kwa kuwa mafuta ya kikundi yanachanganywa, alama imekwenda kwa kikundi kizima. Mapipa yote yamezuiwa. Wanunuzi wanadhani chikichi zimetoka mahali palipofyekwa msitu, zikapitishwa kwangu zisafishwe jina.

"Waambie ukweli," nikasema. "Waambie niliongeza za mdogo wangu."

"Bibi, nikiandika kwamba uliongeza ukijua, wataangalia nani alipokea. Kila gunia lina kidole chako na kidole changu. Na ile samadi ya mbuzi imo. Watasema bibi na mjukuu walipanga. Kikundi kitaondolewa chote, na mimi nitaondolewa."

"Sasa?"

 Akafungua simu akanisomea, haraka haraka, kama mtoto anayesoma barua yenye matusi. "Marehemu, ambaye si mwanachama, alikuwa akichanganya kwa siri chikichi asizozilima katika magunia ya mwenye shamba. Mwenye shamba na afisa hawakujua. Mtu huyo hayupo tena."

"Nani kaandika?"

"Mkubwa wangu. Amesema hii inatuokoa wote. Inataka kidole chako tu."

"Chikichi asizozilima ndizo zipi?"

"Hapo lazima uchague bibi. Kuna majibu matatu. Za msituni, za shamba lisilosajiliwa, au za wizi. Za msituni hatuwezi. Za shamba lisilosajiliwa watataka tuwaonyeshe shamba. Kwa hiyo…"

"Hakuna za kuokota?"

"Hakuna."

 Nje jirani alikuwa anatwanga, mchi unashuka, unapanda.

"Bibi, amekufa," akasema taratibu. "Haitamdhuru. Hatajua."

"Daftari lile linafutika?"

Akautazama mkate.

"Nakuuliza. Ulitufundisha wewe, mbele ya watu. Linafutika?"

"Halifutiki."

"Binti yake yuko mtaa wa pili. Wajukuu zake watatu wako hapa wanasoma. Miaka hamsini ijayo mtu atafungua atakuta bibi yao mwizi, Mrundi aliyekuja kuiba chikichi za Waha. Hapo mimi na wewe tumeshaoza."

"Bibi, na mimi? Kazi yangu?" Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni. "Wewe ndiye uliyenisomesha niipate."

Kile kilinichoma mahali ambapo sijui kama pamepona. Nilitaka kusema ndiyo. Msinione mtu wa maana sana. Dole gumba langu lilikuwa juu ya goti, karibu na simu yake, na kazi yenyewe ni ya kugusa tu. Nikakumbuka macho ya njano. Nikakumbuka nilivyosema malizia gunia.

Nikamwambia, "Kidole changu siweki. Yule aliokota, hakuiba. Andika jina langu mimi, lake liache."

Aliondoka na mkate wake.

Siku zile zilizofuata wenzangu wa kikundi walikuja mmoja mmoja. Sikuwaonea ubaya. Mafuta yao yalikuwa yamekaa kwenye mapipa, ziwa limefungwa, watoto wanasubiri sare za shule. Mwenyekiti alinibembeleza kwa adabu. Fundi wa mashine, yule wa utani, hakutania. Alisema, "Dada, marehemu alikuwa wa kuja. Sisi ni wa hapa. Unamchagua yeye?" Nikamuuliza nani alikuwa anamsukumia mashine kwa mkono ikiharibika. Akatazama pembeni. Mwingine akasema kiburi changu ndicho kilichotufikisha hapa, na kiburi changu hicho hicho ndicho kinachokataa kututoa. Huyo alisema kweli nusu, nami nusu ile niliipokea.

Kwa binti wa marehemu nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia yote, la gunia na la hospitali. Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, kisha akasema, "Mama mkubwa, nenda nyumbani kwanza." Hajanifukuza tangu siku ile, wala hajasimama nje ya ua wangu kunisalimu.

Mwisho akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, mwanaume mpole, mwenye viatu safi. Niseme kabisa yaliyofuata, yasiwasumbue: kikundi kiliondolewa. Mapipa yaliuzwa kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa. Siku hizi mwenye mchikichi anaagiza watoto wake waokote mpaka ya mwisho, wasipitwe na uzito, na ardhi chini ya miti imekuwa safi kama imefagiliwa. Mjukuu wangu alipoteza ile kazi. Yuko Tabora, anauza vifaa vya simu kwenye duka la mtu. Ananipigia Ijumaa, ananiuliza presha, tunaongea mvua. Hajaniita mke mwenza hata kwa bahati mbaya. Picha yake bado iko mlangoni, na watu wanapita, wanaitazama, wananitazama.

Nililijua hilo lote siku ile ya mkaguzi, au karibu lote. Tulikaa bandani, wanawake wamejipanga pande mbili, hakuna anayepepea hata nzi. Mkaguzi akaniamkia, akaniuliza kama nimeelewa maelezo yale. Nikamwambia nimesomewa, nimeelewa. Akasema nikikubali, mapipa yatafunguliwa kesho, na hakuna atakayepoteza chochote. Akamwambia mjukuu wangu anisogezee simu.

Akainuka. Alikuwa amefunga kilemba cheusi, amekonda, shingo ndefu kama ya mama yake. Akaja mpaka mbele yangu akapiga goti kama anavyosalimu kila siku, akaweka simu kwenye mapaja yangu. Kioo kilikuwa kinawaka, na kuna duara dogo la kuweka kidole. Hakunitazama usoni. Alisema kwa chini, nisikie mimi tu, "Bibi, nakuomba."

Nilimshika kichwa. Nilikisikia chote kwenye kiganja, kama nilivyokuwa nakishika akiwa wa miezi tisa. Kisha nikaondoa mkono, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Kidole changu siweki. Yule aliokota, hakuiba. Andika jina langu mimi, lake liache."